Mfumo umenikataa, na hakuna anayejua kwa nini

Shikamoo Wakili,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nashona nguo nyumbani. Nina cherehani moja na kazi za cherehani mbili, kwa hiyo mwezi uliopita niliamua kukopa ninunue ya pili. Sikwenda kupanga foleni popote. Nilipakua programu ya mikopo kwenye simu kama wanavyofanya wengine.

Ikaomba ruhusa ya kusoma meseji zangu, kuona majina niliyohifadhi, na kujua nilipo. Nikabonyeza "kubali" kila ilipouliza, maana bila hivyo haisogei. Nikajaza jina, kitambulisho na kipato, nikatuma. Wakili, simu sikuwahi hata kuiweka chini. Jibu liliingia papo hapo: "Samahani. Kwa sasa hujakidhi vigezo vyetu."

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa mstaarabu, sina neno naye. Akaniambia, "Dada, ni mfumo umekataa. Hata mimi huku sioni sababu, naona alama nyekundu tu." Nikamwuliza ni nani basi anayeweza kuiona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nijaribu tena baada ya siku tisini.

Kinachoniuma ni kwamba jirani yangu, ambaye mimi ndiye ninayempa kazi ya kupiga pasi na kukunja, aliomba wiki hiyo hiyo akapewa. Simwonei wivu, lakini mimi sijawahi kudaiwa na mtu. Habari za madeni zilizowahi kunisumbua hata si zangu: laini hii niliinunua miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo huingia meseji za kumdai bwana mmoja nisiyemjua. Zamani zilikuwa nyingi, siku hizi moja moja. Nimezizoea, nazipuuza.

Mume wangu anasema niachane nayo. Anasema mashine haina ndugu wala haili rushwa, ikikukataa ujue kuna kitu. Tangu aseme hivyo nimekuwa nikijikagua kama mtu aliyeiba akasahau alichoiba. Kaka yangu yeye anataka niombe kwa simu yake na jina lake, kisha nilipe mimi.

Naomba unijibu. Kampuni inalazimika kuniambia sababu? Kuna binadamu ninayeweza kudai anisikilize, au mfumo ukishasema ndiyo basi? Nikilalamika, hawataniwekea alama mbaya zaidi? Na nikiifuta hiyo programu, meseji zangu walizosoma zinafutika?

Ni mimi,
Niliyekataliwa na Simu

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisimama kwenye ile laini ya simu, uliyoitaja kwa kupita kama mtu anayesimulia habari za mvua. Nitairudia, kwa sababu nadhani ndiko tatizo lako liliko. Ila kwanza nimjibu mumeo, maana maneno yake ndiyo yanayokunyima usingizi kuliko mkopo wenyewe.

Ana ukweli kidogo, tusimdhulumu. Wengi wetu tunakumbuka kukaa mbele ya afisa wa mikopo anayetaka kujua wewe ni mtoto wa nani kabla hajafungua faili. Mashine haimwulizi mtu ukoo. Lakini mashine hufundishwa na watu, kwa kumbukumbu za watu, na hupewa kanuni na watu. Ikipewa kanuni mbovu huitekeleza bila kuchoka na bila kuona haya.

Australia walikuwa na mpango wa kuwadai watu warudishe fedha za misaada ya serikali uliokuja kuitwa Robodebt. Mfumo ulichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ukakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, halafu ukakilinganisha na alichokuwa ameripoti. Sasa fikiria mtu aliyefanya kazi miezi sita na kukaa bila kazi miezi sita. Hesabu inasema alikuwa na kipato mwaka mzima, kwa hiyo aliidanganya serikali miezi ile aliyoomba msaada. Mamia ya maelfu ya watu waliletewa madeni ambayo hayakuwa na msingi wa kisheria. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2023, na ilikuwa kali. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kipato cha mtu hutiririka kama maji ya bomba. Wewe unashona: kuna mwezi wa kukesha na mwezi wa kufukuza nzi. Unaona ninakokwenda.

Uholanzi nako, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima nani huenda anadanganya kwenye posho za malezi ya watoto, na uraia wa mtu ukawa miongoni mwa vitu vinavyopimwa. Familia nyingi zilidaiwa kurudisha fedha ambazo hazikuwa nazo. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021 kwa sababu ya kashfa hiyo. Kwa hiyo mumeo akisema mashine haina ndugu, mwambie inaweza kurithi chuki za watu wasiokuwa ndugu zake pia.

Sasa sheria. Hukutaja uko nchi gani, nami sitabahatisha. Nitashika yale yanayojirudia nchi nyingi, nawe utayapima na sheria ya kwenu.

Wazo la kwamba mtu asihukumiwe na mashine peke yake si jipya. Ufaransa iliandika katika sheria yake ya mwaka 1978 kwamba mahakama isifikie uamuzi wa kupima mwenendo wa mtu kwa kutegemea uchakataji wa kiotomatiki. Mwaka huo kompyuta ilikuwa kabati. Leo Umoja wa Ulaya una kanuni ya ulinzi wa data, yaani taarifa za watu, iliyoanza kutumika Mei 2018, na kifungu chake cha 22 kinasema mtu ana haki ya kutowekwa chini ya uamuzi uliofanywa na mfumo peke yake, ikiwa uamuzi huo unagusa haki zake kisheria au unamwathiri kwa kiasi kikubwa namna hiyo. Kenya ina kifungu cha 35 katika sheria yake ya mwaka 2019. Uganda walitunga yao mwaka huo huo, Tanzania mwaka 2022, na zote mbili zina kifungu cha jambo hili. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mitandao na ulinzi wa data, uliopitishwa mwaka 2014 na kuanza kufanya kazi Juni 2023, nao umeligusa.

Maneno yanatofautiana, lakini kiini ni kimoja. Sheria haikupi haki ya kupewa mkopo. Hilo nakuambia mapema ili usije ukanilaumu. Kampuni inaweza kukusikiliza, ikakueleza, ikalitazama ombi lako upya, kisha ikakunyima vile vile. Unachopewa ni haki ya kuwa na mtu upande wa pili: mtu wa kukuambia kilichotokea, wa kusikia upande wako, na mwenye uwezo wa kubadilisha jibu. Sheria ya Kenya inakwenda hatua zaidi: kampuni ikifanya uamuzi wa namna hiyo kwa mfumo peke yake inapaswa kukujulisha kwa maandishi, nawe unaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mfumo pekee.

Kuna mwanya, na kampuni zinaujua. Neno "peke yake". Utaambiwa, "Hapana mama, kuna mfanyakazi wetu anapitia kila ombi." Anapitia vipi? Akipitia mamia kwa siku kwa kubonyeza kitufe kile ambacho mfumo umekwisha kukipendekeza, huyo hapitii, anapiga muhuri. Mahakama ya rufaa ya Amsterdam ilikutana na hoja hiyo Aprili 2023, katika kesi ya madereva wa teksi za programu waliofungiwa akaunti. Kampuni ilidai kuna watu walioshiriki. Mahakama ikaona ushiriki huo haukuzidi ishara tu.

Mwanya wa pili ni huu: anayekukopesha anasema, "Sisi tumetumia tu alama tulizoletewa na kampuni nyingine," yaani maksi za kukadiria kama mtu atalipa deni, na ile kampuni nyingine inasema, "Sisi tunatoa alama tu, hatumnyimi mtu mkopo." Wewe unabaki katikati kama mpira. Hilo nalo limekwisha kufika mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Ujerumani ya SCHUFA, kwamba kutoa alama kwenyewe ni uamuzi wa kiotomatiki ikiwa mkopeshaji anazitegemea kwa uzito mkubwa. Mlalamikaji alikuwa mtu kama wewe, aliyenyimwa mkopo.

Na kuhusu swali lako la sababu, kuna hukumu nyingine ya mahakama hiyo hiyo, ya tarehe 27 Februari 2025, ninayoipenda kwa udogo wa kilichogombewa. Mtu mmoja Austria alinyimwa mkataba wa simu wa takriban euro kumi kwa mwezi kwa sababu mfumo ulimwona hana uwezo. Euro kumi! Akaenda nayo hadi juu. Mahakama ikasema anastahili kuelezwa utaratibu na misingi iliyotumika kweli kweli kwenye taarifa zake hadi matokeo yale yakapatikana, kwa namna inayoeleweka. Kumtupia kanuni ya hisabati iliyojaa alama za Kigiriki hakutoshi. Na kampuni ikidai hiyo ni siri ya biashara, haiwi mwisho wa mazungumzo. Siri hiyo hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia ulinzi wa data au mahakama ipimwe.

Hukumu hizi zinafunga kule zilikotolewa. Kwingine mahakama huweza kuzisoma na kuziazima, au kuziacha. Lakini zinakuonyesha namna ya kuuliza. Wateja wengi huandika, "Nataka kujua algoriti yenu," yaani hatua za hesabu ambazo mfumo hufuata, na kampuni inafurahi, maana hilo ni rahisi kulikataa. Wewe uliza mambo yanayokuhusu wewe: mna taarifa gani zangu, mlizipata wapi, na zipi zilinivuta chini.

Sasa turudi kwenye laini yako.

Namba za simu hutumika tena. Mtu akiiacha laini kwa muda mrefu, kampuni ya simu huirudisha sokoni na kumwuzia mwingine. Lakini kumbukumbu za wakopeshaji hazihami pamoja na laini. Kama bwana yule alikopa kwa namba hiyo akaacha deni, kuna uwezekano mkubwa namba bado imeandikwa mahali fulani kama ya mdaiwa sugu. Juu ya hilo, wewe mwenyewe uliruhusu programu isome meseji zako, na ndani ya meseji zako kuna madai ya deni. Mtu akizisoma anaona jina si lako. Mfumo huenda umeona tu "deni", "umechelewa", "siku ya mwisho". Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea, sijauona mfumo wao. Ila ningekuwa mimi, ningeanzia hapo.

Na hapa una haki iliyo imara kuliko hiyo ya mashine, ambayo watu huisahau kwa sababu haina mvuto: haki ya taarifa zako kuwa sahihi. Karibu kila sheria ya ulinzi wa data inayo. Inasema unaweza kuona kilichoandikwa juu yako, na kikiwa na kosa kirekebishwe. Huhitaji kuthibitisha kwamba mfumo una upendeleo, wala kubishana na mhandisi. Unahitaji kuonyesha kwamba wewe si yule bwana.

Nenda kwa kampuni ya simu, omba uthibitisho wa tarehe laini ilipoandikishwa kwa jina lako. Piga picha za zile meseji za madai, jina na tarehe vikionekana. Kama kwenu kuna taasisi inayotunza taarifa za mikopo, omba ripoti yako. Kisha andika, na andika barua pepe au barua ya karatasi, usipige simu. Yule kijana wa alama nyekundu hana kosa, lakini hana funguo pia. Mara nyingi utaona kwenye sera yao ya faragha anwani ya mtu anayeshughulikia ulinzi wa data. Mpelekee maneno kama haya:

"Tarehe fulani niliomba mkopo kupitia namba hii, nikakataliwa papo hapo. Naomba kujua kama uamuzi huo ulifanywa na mfumo peke yake. Na kama kuna mtu aliyeshiriki, alifanya nini. Naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kunihusu, pamoja na alama mlizonipa au kuletewa, na mlikozipata. Nielezeni kwa lugha ya kawaida mambo yaliyochangia zaidi kunikataa. Namba hii imekuwa yangu tangu mwezi na mwaka fulani. Deni lolote la kabla ya hapo si langu, uthibitisho nimeuambatanisha. Naomba kosa hilo lirekebishwe, na ombi langu litazamwe upya na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi."

Hayo maneno ya mwisho usiyapunguze. Ukiomba "mtu" tu, utaletewa mtu wa kukusomea kilichoandikwa kwenye skrini.

Weka tarehe uliyotuma. Ulaya kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu, na ikitaka kuongeza muda lazima ikuambie kwa nini. Angalia kwenu ni siku ngapi. Zikipita kimya, au wakikujibu kwa sentensi zile zile za "vigezo vyetu", nenda kwa mamlaka ya ulinzi wa data. Wakili si wa lazima. (Wenzangu watanichukia kwa kusema hivi.) Barua yako na ukimya wao ndio ushahidi wa kwanza watakaoutaka.

Unaogopa kuwekewa alama mbaya. Kuomba kuona taarifa zako si kuomba mkopo, na sheria hizi hazimpi mtu ruhusa ya kukuadhibu kwa kutumia haki yako. Kinachoweza kukuharibia ni kitu kingine: kubonyeza "jaribu tena" kila wiki, au kupakua programu tano na kuomba kote kwa hasira. Mifumo mingi huyasoma maombi mengi ya haraka haraka kama dalili ya mtu aliyebanwa. Tulia kwanza, upate jibu.

Wazo la kaka yako lina moyo mzuri na miguu mibovu. Atakuwa amesema mkopo ni wake na matumizi ni yake, na si kweli. Kuna mahali hilo linaitwa udanganyifu. Ukichelewa siku tatu, alama nyekundu inahamia kwake. Na hata mkifanikiwa, namba yako itabaki na doa lile lile, lije likuzuie siku nyingine kwa jambo kubwa zaidi ya cherehani.

Kuifuta programu kunaiondoa kwenye simu yako tu. Walichokwisha kukichukua kimekaa kwenye kompyuta zao. Ukitaka kifutwe inabidi uombe hivyo kwa maandishi, nao wanaweza kubaki na vile ambavyo sheria inawalazimisha kuvitunza. Nakushauri usianze na kufuta. Kwanza upate nakala. Ukishaomba wafute, ushahidi wako nao unaweza kwenda. Ila ruhusa zile unaweza kuzizima leo hii: ingia kwenye mipangilio ya simu, toa ya meseji, ya majina na ya mahali ulipo. Majina uliyohifadhi si mali yako peke yako. Mama yako na wateja wako hawakubonyeza "kubali" popote.

Jina la yule bwana uliliandika lote kwenye barua yako, pamoja na kiasi anachodaiwa. Nimeyatoa kabla ya kuichapa, naye ana haki zile zile ninazokudaia wewe. Kwenye barua ya kampuni acha jina lionekane kwenye picha za meseji, kwa sababu bila hilo hutaeleweka, lakini usimwonyeshe jirani. Na hizo meseji zikiendelea kuingia, usizifute.